Nililala Lindoni

Shamba letu la Buger, Karatu, linaishia pale msitu unapoanza, na katikati hakuna uzio. Mahindi yakianza kubeba, tembo wanashuka. Nyati nao wanashuka, ila nyati huharibu kidogo na kuondoka; tembo watatu wanaweza kumaliza chakula cha mwaka kabla jua halijatoka. Kwa hiyo kila familia ya upande ule ina dungu, jukwaa la miti lenye kiezeko cha nyasi, na juu yake anakaa mtu mwenye debe tupu na kipande cha chuma. Ukisikia tawi linavunjika hungoji kuona. Unapiga debe na kupiga yowe, jirani anadaka, na jirani wa jirani anadaka, mpaka mteremko mzima unalia bati na tembo wanageuza.

Baba alitangulia kufariki. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule bila kumuaga mwalimu, na kazi ya dungu ikawa yangu. Wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, walilala ndani, mimi nikakaa juu. Misimu mitano nililinda na sikuwahi kusinzia. Watu walisema shamba la wale yatima haliliwi. Nilijua wanasema hivyo na nilipenda kusikia.

Ndiyo maana nafasi za kujitolea jeshini zilipotangazwa, mwenyekiti wa kitongoji alinitaja mimi kabla hata sijaomba. "Huyu halali," alisema mbele ya mkutano, "mpeni bunduki." Mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza shule na anaweza kushika shamba. Mama mdogo alikubali kuja kukaa na wadogo zangu. Nikaenda kambini na cheti changu cha darasa la saba, nikijiambia kwamba nikishakula kiapo, mdogo wetu wa kike hataacha shule kama mimi.

Kwata niliiweza. Mbio niliziweza. Shabaha nilipata wastani. Kilichobaki kabla ya kiapo kilikuwa zoezi la porini, siku nne, na siku ya mwisho tulipangiwa kuvizia. Seksheni yetu ilikuwa ya watu kumi na mmoja. Tulijilaza kandokando ya njia tukiwa tumejifunika majani, na amri ilikuwa moja tu, ukimya. Kundi jingine lilicheza adui. Wakipita bila kutuona, tumefaulu. Wakituona, tumekufa wote.

Zamu yangu ya lindo ilikuwa saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri. Wenzangu kumi walilala kwa sababu mimi nilikuwa macho. Nilikaa, nikaegemea mti, bunduki mapajani. Nakumbuka kuliona anga likianza kuwa jeupe. Halafu sikumbuki kitu, kwa sababu nililala.

Kilichoniamsha ni tawi lililovunjika karibu yangu. Kabla macho hayajafunguka vizuri, mkono ulikuwa umeshalitoa bakuli la bati la kulia chakula na unaligonga kwa jiwe, na mdomo ulikuwa unapiga yowe la kwetu, kwa Kiiraqw, lile la kumfukuza tembo. Niligonga mpaka mwenzangu mmoja alipolishika lile bakuli kwa mikono miwili.

"Dada," alisema taratibu, "ni ng'ombe."

Alikuwa ng'ombe mwekundu, wa mfugaji fulani, anakula majani ya kichaka tulichojifichia. Nyuma yake, juu ya kilima, adui walikuwa wanateremka wakicheka. Wa mbele alitupungia mkono.

"Asanteni sana," alisema. "Tulikuwa tumepotea njia."

Mchana ule seksheni nzima ilibeba magunia ya mchanga kwa sababu yangu. Hakuna aliyenitukana. Waliniita Mama Debe, na walipoita walitazama pembeni.

Mkuu wa mafunzo aliniita ofisini. Nilisimama wima, akaniuliza kilichotokea, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo nililifanya nikiwa macho kabisa. Nilimweleza habari za dungu. Nilimweleza tembo, mahindi, yatima, misimu mitano. Kila neno lilikuwa kweli. Nilisema masikio yangu yamezoea, kwamba nikisikia tawi mkono unakwenda wenyewe. Sikusema kwamba nilikuwa nimelala. Yeye alikuwa mtu wa Singida, naye amekulia shambani, na nilimwona akijizuia kutabasamu.

"Kwa hiyo ulimfukuza ng'ombe kwa heshima zote za tembo."

"Ndiyo, afande."

Aliandika kitu. Akaniambia kwamba nimeshindwa zoezi, kwamba sitakula kiapo na wenzangu. Nitakwenda nyumbani wiki tatu. Nikirudi nitaambiwa kama narudia na kundi linalofuata au narudisha vifaa na kuondoka moja kwa moja. "Tabia inaweza kurekebishwa," alisema. "Ingekuwa ulilala, tusingekuwa tunaongea hapa."

Nikasema ndiyo afande, nikageuka, nikatoka.

Nyumbani nilifika siku ya soko Karatu, mdogo wangu wa kiume akanipokea stendi na pikipiki ya jirani. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Kabla sijafungua mdomo aliniambia kwamba wamechinja mbuzi, kwamba kanisani wameshatangaza, na kwamba mdogo wetu wa kike amewaambia shule nzima. Alidhani nimemaliza. Nilikuwa na safari nzima ya kilomita za vumbi, nimekaa nyuma yake, ya kumwambia si hivyo. Nilimshika kiuno nikanyamaza. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uani.

Jumapili mzee wa kanisa aliniita mbele. Alisema Mungu hakuwaacha yatima. Watoto wa benchi la mbele wakaanza kunong'ona, "Saluti, saluti," na watu wazima wakacheka, na mzee wa kanisa naye akasema, "Haya binti, wape." Nikapiga saluti. Niliipiga vizuri, mkono ukakaa pale unapotakiwa. Kanisa likapiga makofi.

Nyuma karibu na mlango alikuwa amekaa mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye siku hizi anachomelea mageti na majembe ya trekta. Makofi yalipotulia, alisema kwa sauti ya kusikika:

"Hiyo saluti ya kichwa wazi wameanza kuifundisha lini?"

Watu wakacheka wakidhani ni utani wa askari kwa askari. Mimi nilijua. Askari hapigi saluti bila kofia. Ni kitu cha wiki ya kwanza. Nami kofia sikuwa nayo kwa sababu kofia yenye nembo hupewi mpaka ule kiapo. Nilirudi kukaa kwenye benchi.

Jumatatu tulikuwa tunapura maharage, mimi na mdogo wangu wa kiume, turubai chini, kila mmoja na fimbo yake. Alipiga kwa muda, kisha akauliza bila kuacha kupiga.

"Yule mzee alikuwa na maana gani?"

"Utani tu."

"Dada."

Nikaendelea kupiga. Akasimamisha fimbo yake.

"Nilipovunja taa ya mama ulinichapa," alisema. "Si kwa sababu ya taa. Ulinichapa kwa sababu nilisema ni paka. Ukasema, katika nyumba hii mtu akiharibu kitu anasema mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mimi nimeshauliza."

Nikamwambia. Nilimwambia sijamaliza, sijala kiapo, na huenda nikarudisha vifaa. Alipouliza kwa nini, nilimpa ile habari ya tembo na bakuli. Hata kwake niliitoa ile ile, kwa maneno yale yale, na nilisikia jinsi ilivyokuwa imeanza kuwa laini mdomoni.

Hakucheka. Aliokota punje zilizoruka nje ya turubai, moja moja, muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Jumapili utasimama tena," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia watu. Siwezi kupita sokoni hivi."

Alikuwa mdogo wangu, na nilimtii.

Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale. Nilisema sikumaliza mafunzo na kwamba niliwaacha wapige makofi kwa kitu ambacho sina. Nikaeleza kosa langu, tawi, bakuli, yowe, ng'ombe mwekundu. Nilipofika kwa ng'ombe, mama mmoja alianza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga, na akaambukiza benchi lake, na baada ya muda kanisa zima lilikuwa linacheka, hata mzee wa kanisa. Hawakunicheka kwa ubaya. Hakuna mtu mle ndani ambaye hangepiga lile bakuli.

"Walitaka ufanye nini," mama yule aliniambia nje, "ukae kimya mliwe?"

"Hao wa jeshi hawajawahi kulima," akasema mwingine.

Walinishika mikono. Mmoja alinipa mayai. Nami nilisimama pale, na mayai yangu, nikiona aibu iliyozidi ile ya wiki iliyopita. Walikuwa wananisamehe kosa ambalo sikulifanya. Kosa lililoandikwa lilikuwa la mtu anayesikia sana. Langu lilikuwa la mtu ambaye hakusikia kitu chochote kwa dakika ambazo sijui idadi yake, na ng'ombe mzima akamfikia mguuni. Angekuwa mtu mwenye kisu, wenzangu kumi wasingeamka. Nilikuwa nimekaa kwenye sifa ya dungu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine.

Yule mzee mstaafu alikuja akiwa anasukuma pikipiki yake. Yeye hakuwa amecheka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Zamu yako ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi mpaka kumi na mbili."

"Ulikuwa umesimama?"

"Nilikaa."

"Umeegemea kitu?"

"Mti."

Alinitazama kidogo. "Haya," alisema, akawasha pikipiki, akaondoka. Hakuniambia neno jingine, siku ile wala nyingine yoyote, na sijawahi kusikia kwamba alimwambia mtu.

Wiki iliyobaki nilifanya kazi za shamba kama mtu anayelipwa kwa siku. Nilijua nini kinanisubiri kambini. Nikinyamaza, nilikuwa na nafasi nzuri ya kurudia mafunzo, kwa sababu mkuu wa mafunzo alikuwa ameipenda habari yangu. Nikisema, huenda ningerudi Buger na begi langu, na mdogo wetu wa kike angefika kidato cha pili na kuishia pale nilipoishia mimi. Nilijaribu kulipima jambo hili kama mlezi. Kila nilipopima kama mlezi, jibu lilikuwa ninyamaze. Ila nilikuwa najua pia kwamba nikirudia nitapewa lindo tena, watu wengine watalala kwa sababu yangu, na hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kunifundisha kukesha, maana kwenye karatasi sijawahi kulala.

Nilirudi kambini siku niliyopangiwa. Mkuu wa mafunzo alikuwa na faili langu mezani, wazi.

"Mama Debe," alisema. Alikuwa na furaha.

"Afande, naomba kusema jambo."

"Sema."

"Nilikuwa nimelala."

Nikaongeza kwamba mambo ya dungu ni kweli, lakini tawi lilinikuta usingizini, na kwamba nililijua hilo siku ile nilipokuwa nimesimama mbele yake.

"Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu nitapewa lindo tena, afande."

"Nani kakuambia utapewa?"

Alifunga faili. Alisema kuna watu amewarudisha makwao kwa kosa dogo kuliko hili. Alisema pia kwamba ningelisema siku ile ile ningelala mahabusu wiki moja, nikamaliza na wenzangu, kwa sababu hakuna mwalimu ambaye hajawahi kumkuta kuruta amelala. Alichokuwa hajakutana nacho ni kuruta anayemsimulia hadithi ya tembo akiwa amemkazia macho. Akaniambia nikasubiri nje.

Nilisubiri juani, nimesimama, tangu baada ya chai hadi watu walipokwenda kula. Kisha karani alitoka na karatasi. Wiki mbili mahabusu. Baada ya hapo naanza upya, siku ya kwanza, na kundi jipya. Kosa jingine la lindo, la aina yoyote, narudisha vifaa bila kuitwa ofisini.

Nilipotoka mahabusu nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume.

"Kwa hiyo hujafukuzwa," alisema.

"Bado."

"Ile habari ya tembo imesaidia?"

"Hakukuwa na habari ya tembo. Nililala."

Nilisikia redio ya mama mdogo nyuma yake, na kuku.

"Wewe?" alisema.

Kisha aliniuliza nina vocha ya kutosha au imeisha, nikasema imeisha, ingawa haikuwa imeisha.

Walininyoa tena. Kwenye hanga, bweni la kuruta, nilipewa kitanda karibu na binti mmoja wa Dodoma, mchangamfu, ambaye aliona haraka kwamba natandika kitanda kama mtu aliyewahi kufundishwa. Akauliza, na sikutaka kumpa nafasi ya kuuliza mara ya pili. Nilimwambia nimekuja kurudia. Akauliza nilishindwa nini. Nikamwambia nililala lindoni, wenzangu kumi wakiwa wamelala. Alisema pole. Alinisaidia kukunja blanketi, na tuliendelea kupiga soga kama kawaida, na bado tunapiga soga mpaka leo.

Lakini siku ya kugawa zamu za lindo, wawili wawili, majina yetu yalipotoka pamoja, alikwenda kwa mkufunzi akaomba apangwe na mtu mwingine. Alidhani sijamwona. Nilimwona, na kama ningekuwa yeye, ningeomba vivyo hivyo.