Nilivyokalia Kiti cha Mzee Aliyekataa Kuchuchumaa

Mimi darasani kazi yangu ni kuchekesha. Mwendo wa mkuu wa shule naujua, kikohozi cha mwalimu wa hesabu nakijua, na padri nikimwiga washikaji wanaitikia "Amina" kabla hawajakumbuka kwamba ni mimi. Ndiyo maana mwalimu wa uraia alipotangaza kwamba kidato cha tatu tutakwenda kuona nyumba ya mzee aliyepigania haki za watu wa Ufipa, macho yake yalitua kwangu.

"Na wewe," akasema, "siku hiyo mdomo huo uuache bwenini."

Tulidandia Fuso la mfanyabiashara wa mahindi lililokuwa linakwenda tupu upande wa Namanyere. Siku hizi mahindi ananunua yeyote mwenye gari, siyo chama cha ushirika peke yake, kwa hiyo lifti hazikosekani. Baridi ya asubuhi ya Ufipa huijui mpaka uipokee juu ya Fuso ukiwa na koti la mtumba lisilo na kifungo hata kimoja.

Nilitegemea jumba. Tukakuta vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, na jiko la nyasi kwa nyuma. Ndani mlikuwa na picha moja ukutani, jembe, na kiti cha mbao kilichowambwa ngozi ya ng'ombe.

"Nyie kwenu mnasalimiaje wakubwa?" mwalimu akatuuliza.

"Tunachuchumaa, tunapiga makofi."

"Na mkubwa anafanyaje?"

"Na yeye anapiga."

"Sasa mkoloni alikuwa harudishi."

Akatueleza. Bwana D.C., mkuu wa wilaya wa Kizungu, akifika barazani, watu wazima wote walichuchumaa na kumpigia makofi, naye anaangalia mawingu. Mzee wa nyumba ile akaona kwamba kama mwenzako harudishi, hiyo siyo salamu tena. Akabeba kiti chake hicho kichwani kutoka kijijini hadi bomani, akakiweka mbele ya D.C., akakaa. Akafungwa. Alipotoka jela akakibeba tena.



Nyumba inatunzwa na binti yake, bibi ambaye macho yameshaingia ukungu. Watoto wa kaka zake wanataka kukiuza kiwanja kwa tajiri mmoja wa mjini ajenge ghala la mahindi, kwa kuwa kipo barabarani. Bibi alikuwa ameomba wilayani nyumba iachwe iwe ya kumbukumbu, na afisa utamaduni alitarajiwa kufika siku ileile kuikagua. Mwalimu aliichagua siku hiyo kwa makusudi.

"Akiwakuta hapa mna adabu zenu, ataona nyumba ina watu wanaoijali," akasema. Kisha akaenda barabarani kumsubiri afisa, akatuacha ndani.

Kiti kilikuwa pale, darasa zima lilikuwa pale, na mimi nilikuwa nimekaa kimya kupita uwezo wangu. Nikakikalia. Nikavimbisha mashavu, nikawa D.C.

"Nyinyi vote, kaa chini. Piga makofi kwa bwana."

Wakachuchumaa huku wanacheka, wakapiga makofi. Mimi nikaangalia dari.

Bibi alikuwa jikoni. Aliposikia makofi akajua mgeni mkubwa ameingia. Akaja kwa mlango wa nyuma na kibuyu cha togwa, akakiweka chini, akapiga magoti mbele ya kiti, akapiga makofi taratibu.

"Karibu, baba. Nilijua utafika."

Amenidhania afisa. Nafasi ya kuinuka ilikuwepo, tena kubwa. Mimi nikatikisa kichwa, kama wafanyavyo wakubwa.

"Sina maneno mengi, baba. Watoto wa kaka zangu wana haki yao, kiwanja ni cha ukoo. Ila nikishakufa, atakayeuliza baba yangu aliishi wapi ataonyeshwa magunia. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula jela. Askari wakaniambia piga magoti ndipo tukufungulie. Nikarudi nacho nyumbani, kwa sababu baba yangu alinikataza kuwapigia magoti. Leo nimepiga magoti, baba. Nyumba isiuzwe."

Nilifungua mdomo niseme, bibi, mimi ni mwanafunzi. Ikatoka sauti ya wilayani, ile ninayoiigaga kwenye mahafali:

"Tumekusikia, mama. Serikali italifanyia kazi."

Mtu akacheka puani. Bibi akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Asante, baba. Asante sana." Akapiga makofi tena, akangoja nirudishe. Mikono yangu ilikuwa juu ya mikono ya kiti, imeganda.

Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Bibi, huyo siyo afisa. Mwanafunzi mwenzetu huyo, anatania."

Bora bibi angenitandika kwa mwiko. Alichofanya ni kuuliza, "Humu mpo wengi?" Akajifunika khanga usoni, akapapasa mlango, akatoka, utadhani mwenye kosa ni yeye.

Afisa alifika baadaye kidogo, ndani ya pikapu ya yule tajiri. Mwalimu akaenda kumwita bibi, akarudi peke yake.

"Anasema ameshasema leo, hasemi mara mbili. Kuna nini hapa?"

Wakamweleza. Hakunipiga. "Si unashika maneno ya watu wewe? Nenda ukamwambie afisa alichosema bibi."

Nikaenda. Nilisema yote, jela, chakula, magunia, na sikupunguza neno. Lakini mdomo wangu umezoea vibaya: yalitoka kwa sauti yake bibi, na mtetemo wake. Nyuma yangu washikaji wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ndivyo walivyozoea kunisikia.

"Mwalimu," afisa akasema, "huyu kijana anamkejeli mzee wa watu mbele yangu?" Akaizunguka nyumba mara moja. Tajiri hakushuka hata kwenye gari. "Haya, nitaandika nilichokiona." Wakaondoka.

Bibi akatoka jikoni pikapu ilipokwisha kupotea, akakaa kizingitini. Nikamfuata, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Akarudisha.

"Ndiye wewe uliyekaa pale?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Na huyo afisa mwenyewe amesemaje?"

Safari hii nilijibu kwa sauti yangu. "Hajasema kitu, bibi. Anasema ataandika."

Akafikiri kidogo, uso wake ukiwa upande wa barabara.

"Basi wewe ulinijibu vizuri kumshinda."

Hakuwa ananisema kwa fumbo, alimaanisha. Angekuwa ananisema ningejua la kumjibu.