Shuka la Mama Dobi

Kwa miaka mingi Mama Dobi alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na akilitazama shuka tu angekuambia mgeni alilala vipi, na pengine na nani. Wakikuta lililoloa mkojo, yeye na wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. "Mtu mzima huyo," walisema, "na tai anavaa."

Uzeeni akawa anaishi kwa mwanawe. Siku moja akaamka kitanda kimemwaibisha. Akaligeuza godoro peke yake, mgongo ukimlilia, na tangu hapo akayapiga maji marufuku. Mkwewe akimletea kikombe, alisema, "Weka hapo, mwanangu, nitakunywa," kisha akakimwaga dirishani. Midomo ilipasuka, kichwa kikamgonga, lakini shuka lilibaki kavu.

Halafu akaanza kumwita mwanawe "mume wangu." Akakutwa jikoni akikunja hewa, mikono ikinyoosha pindo za shuka lisilokuwepo.

"Akili zinamtoka," mwanawe alimwambia mkewe. "Bora nimpeleke kwa dada. Sisi tunashinda kazini."

Mama alisikia, na moyo ukampasuka. Nyumba ile aliipenda, na kwa bintiye alijua atakuwa mzigo tu. Alitaka kubisha, ulimi ukawa mzito.

Kwanza wakampeleka hospitalini, na daktari akaifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama. "Huyu hajarukwa na akili," akasema. "Amekaukiwa maji."

Dripu ilipoisha, akili zilikuwa zimemrudia.

"Mama, kwa nini hunywi maji?" mwanawe akauliza. "Ukiendelea hivi, lazima uende kwa dada."

Akageukia ukutani. Yapo mambo ambayo mama hamwambii mtoto wake wa kiume, hata umtishe vipi. Mkwe akamtuma mumewe akachukue dawa, akavuta kiti.

"Niambie mimi."

"Najikojolea," Mama Dobi akasema, akajifunika uso kwa khanga.

Mkwe alimshika mkono.

Jioni walirudi nyumbani, mama akanywa kila alichopewa. Asubuhi shuka lilikuwa chapachapa. Alipokuwa akihangaika kulificha, mkwe alishaingia, akalivuta, akatoka nalo uani. Akarudi na povu mikononi, na bilauri imejaa maji. Mama akaitazama kwa woga.

"Nikinywa, kesho itakuwa hivi hivi."

"Itakuwa hivi hivi," mkwe akajibu, akasimama pale pale mpaka bilauri ikaisha.