Siku Nne za Kupaka Upya Gari la Baba

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi kuna jirani atakayeusema vizuri zaidi. Nilizimua rangi ya gari kwa esansi ya chupa, yaani petroli ile inayouzwa kando ya barabara, bila kujidondoshea hata tone moja mkononi. Wakati ule wa vita kila mtu wa Bunia alikijua kipimo hicho: esansi safi hukauka kiganjani mara moja na kuacha ubaridi, ikibaki na utelezi, ujue muuzaji ameiongezea mafuta ya taa. Njia zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa ovyo, na wauzaji walirefusha kidogo walichokuwa nacho. Kipimo hicho nilikuwa nimemfundisha hata jirani yangu. Siku yangu ilipofika, nikamimina chupa nzima ndani ya kopo, nikakoroga kwa kijiti huku napiga mluzi.

Kesho yake rangi ilikuwa bado inanata. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikafikiri tabaka la pili litalisaidia la kwanza. Kufikia mchana boneti ilikuwa imejikunja yote, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka na kupoa, na vumbi jekundu la barabara yetu limekaa ndani ya kila kunjo. Mwalimu aliyenifundisha kemia pale sekondari angepita siku ile, angeniomba radhi.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Lilikuwa la Kifaransa, la zamani, lenye pua ndefu na taa za duara, na alilinunua kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Baba aliliosha kila Jumapili kabla ya misa, akalipangusa kwa fulana zake zilizochakaa. Alipokufa nililirithi mimi, mtu ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kiti cha barazani. Vita vilipoanza nilifanya kama wenye magari wote: nikaling'oa matairi, nikalipandisha juu ya matofali, nikaficha matairi darini na betri chini ya kitanda, ili wenye bunduki wakichungulia waone mzoga. Kwa kazi hiyo ya kukaa tu sikuwa na mpinzani mjini.

Kisha kaka yake mama akatuma neno kutoka Beni, kwa mdomo wa dereva wa lori: mleteni dada yangu kabla njia ya Komanda haijafungwa. Miguu ya mama ilikuwa imevimba. Kutoka chumbani hadi jikoni alishika ukuta. Kwa miguu asingefika hata mwisho wa mtaa. Gari ndilo lilikuwa miguu yake, na mimi ndiye nilikuwa dereva. Tulipanga kuondoka Jumamosi.

Na mimi, badala ya kuangalia mafuta ya moteri, nikaenda sokoni kununua rangi ya kijani ya milango na madirisha.

“Ya nini?” mama aliuliza.

“Mama, ku bariyeri ya basoda banaheshimu gari yenye kuwa na sura.”

“Papa,” alisema, kama alivyozoea kuniita, “mi naenda Beni. Siendi ku ndoa.”

Hivyo Jumamosi ilipofika, matairi yalikuwa yamerudi mahali pake, betri imefungwa, moteri imeitikia mara ya kwanza tu, na gari lilikuwa na uso wa kizee. Mama alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, kifurushi mapajani, amevaa kitenge chake cha bluu cha kanisani. Nikamwambia nipe siku nne. Nikwangue, nisugue, nipake vizuri, twende kama watu.

Jirani yetu, mjane aliyekaanga mikate, maandazi ya kwetu, kando ya ua wetu, alinyoosha shingo juu ya miti ya ua.

“Bwana-rangi! Ile gari inaendaka na rangi ao na moteri?”

“Na moteri, mama.”

“Na moteri inaguruma. Mi nasikia. Basi iko nangoja nini?”

“Baba hangeitoa inje hivi.”

“Baba yako alishakufa. Mama yako iko muzima, iko anakuangalia.”

Mama alifungua kifurushi, akatoa kikombe chake, akaomba chai.

Siku ya kwanza nilikwangua kwa kisu cha jikoni. Rangi ilitoka kwa vipande vya kunata, ikaingia kwenye kucha, nywele, hata kwenye ugali. Siku ya pili nilisugua kwa msasa wa maji na sabuni, sehemu ndogo ndogo, kiganja wazi juu ya bati ili kusikia mahali palipoinuka. Hapo nikasikia mengine: milio ya silaha kutoka upande wa Mudzi-Pela, pembeni mwa mji, mizito, ya mbali bado. Watu walianza kupita na magodoro kichwani. Mimi nikamwagia ua maji ili vumbi lisiinuke.

Siku ya tatu nilipima esansi mpya mkononi kama mganga. Ilikauka, ikaacha ubaridi. Nikapaka tabaka jembamba, brashi ikienda upande mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu rangi ikanitii. Ililala kama maji. Nikaona fahari, nikaona na kasoro moja: rimu zilikuwa na kutu. Nikalipandisha tena gari juu ya matofali, nikayang'oa matairi yote manne ili nipake na rimu. Vioo na taa nilikuwa nimefunika kwa magazeti ya zamani na utepe. Baba angekuwa hai angenipa mkono, nilifikiri. Niliingia ndani kunywa chai.

Siku ya nne wenye bunduki walifika asubuhi. Sitasema ni wa upande gani. Kwa miguu ya mama haikuwa na tofauti. Milio ilikuwa imefika mtaa wa nyuma, mabati yanalia, na mimi nimesimama uani na spana mkononi, gari liko juu ya matofali, limefungwa magazeti usoni. Nilijaribu tairi moja. Nati ikaanguka kwenye majani, nikapiga magoti kuitafuta. Nakumbuka kwamba hata hapo nilijihadhari nisiguse rangi mbichi ya mlango.

Jirani akaja na buruweti lake, toroli lile la kubebea unga.

“Acha hiyo! Shika mama yako chini ya makwapa!”

Tulimbeba. Kupita kati ya gari na ukuta palikuwa pembamba, na kitenge cha mama kikaburura kwenye mlango mbichi kutoka mwanzo hadi mwisho. Tukamsukuma hadi karibu na uwanja wa ndege, kwenye kambi ya kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, mimi mkono mmoja, jirani mkono mwingine, pamoja na mji mzima. Kila shimo la barabara mama alisema, “Pole pole, papa,” kana kwamba ni mimi niliyechimba.

Tulilala chini ya shitingi, turubai la plastiki, wakati wa mvua. Maji yalipita chini ya mkeka. Miguu ya mama ilipasuka, kisha homa ikaja, kisha kuhara. Nilijaribu kukifua kile kitenge kwa sabuni, nikakisugua hata kwa esansi niliyoomba kwa dereva mmoja. Lile doa la kijani halikutoka. Katika rangi zote nilizowahi kupaka, hiyo ndiyo pekee iliyoshika. Wiki ya tatu tulimzika nacho, maana hakuwa na kingine kikavu.

Niliporudi nyumbani, mabati ya paa hayakuwepo, dari haikuwepo, na matairi yote manne hayakuwepo. Betri, viti, hata usukani, vyote vimekwenda. Lilibaki bodi juu ya matofali, kijani, laini, linang'aa, na mlango mmoja wenye mkwaruzo mrefu uliofika mpaka kwenye bati, na nyuzi za bluu zimekauka ndani ya rangi.

Jirani alikuwa amerudi kabla yangu na alikuwa anawasha moto wake. Alikuja akasimama kando yangu. Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba yule muuza esansi wa barabarani ndiye aliyemuua mama. Kwamba bila yale mafuta yake ya taa rangi ingekauka mapema, na Jumamosi ile tungekuwa Beni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Acha kusingizia muntu wa esansi. Ile gari ilikuwa inatembea tangu Jumamosi. Ni weye hukutaka kutoka mu nyumba.”