Mzazi wa Kilomita Ishirini na Moja

Jumapili ile nilimaliza kilomita ishirini na moja nikiwa nimemwacha jirani yangu wa dukani hatua nne nyuma, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikugundua kwamba siwezi kutembea. Jirani huyo ni mtu wa Mtwara, anauza mikeka na chupa za chai mkabala na duka langu la vitenge, Kariakoo. Wiki nzima alikuwa akiwatangazia wabeba mizigo kwamba wanawake wa mtaa wetu wanakimbia mvua tu. Kocha wa kikundi chetu alishatuambia mbio hizo ni za mazoezi, tuziendee taratibu, maana marathoni yenyewe ilikuwa imebakiza wiki sita. Nilimsikia vizuri sana. Nikakimbia kwa hasira mwanzo mwisho.

Jumatatu niliteremka kitandani kwa makalio. Nyumba yetu ya Magomeni ina ngazi tatu tu za kutokea barazani, nazo nilizishuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Moshi kutibiwa macho, na macho hayo hayo mabovu yaliniona. Nikamweleza habari za mbio na kumwonyesha medali. Akaigeuza huku na huku, akaiweka mezani, akauliza naelekea wapi. Nikasema dukani, na kesho alfajiri naanza tena mazoezi.

Hapa lazima nieleze jambo la zamani. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, miaka kumi na tisa iliyopita, Mama alisafiri na ndizi, samli na kuku, aje kunilea arobaini yangu kama mzazi anavyolelewa kwetu. Siku ya kumi na mbili nilimtoroka nikaenda kufungua duka. Lilikuwa jipya, niliogopa wateja watahama. Mama hakugomba. Alifunga mzigo wake akarudi nyumbani, na tangu hapo hakuna kati yetu aliyeligusa suala hilo. Jumatatu hiyo aliligusa.

"Kilomita arobaini na mbili unazitaka," alisema. "Siku arobaini zilikushinda."

Akasema hataki nyingi, anataka siku kumi: nile, nikandwe, nilale, nisikimbie hata kufukuza kuku. Moyo uliniuma. Mwaka uliotangulia goti lilinitoa kwenye marathoni hiyo hiyo nikiwa kilomita ya thelathini, nikarudishwa mjini kwenye gari la wagonjwa, nimejaa aibu. Mwaka huu niliapa kuvuka mstari kwa miguu yangu mwenyewe, na siku kumi bila mazoezi niliziona kama kutupa kila nilichokichuma. Nikataka kuinuka nimpinge nikiwa nimesimama. Mapaja yakakataa. Basi nikamkubalia nikiwa nimekaa.

Asubuhi na jioni alinikanda kwa kitambaa na maji ya moto, ya moto kwelikweli, huku akiniambia nisipige kelele majirani wanasikia. Akanifunga tumbo kwa khanga. Nikamwambia tumbo halikukimbia, akaendelea kufunga. Mchana ulikuja mtori, ndizi zimepondwa na nyama zikawa kitu kimoja, na bakuli halikuondoka mpaka chini yake ionekane. Wakati huo jirani yangu alikuwa ananitumia sauti kwenye simu kila asubuhi akihema kwa makusudi. Jumanne amekimbia sita. Jumatano amekimbia kumi. Nilijigeuza kitandani kama chapati. Alhamisi nilivaa raba chini ya dera nikanyata kuelekea nje. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Alisema raba zangu zina kelele. Nikarudi ndani.

Ndizi za mtori hakumwamini mtu kumchagulia. Alikwenda sokoni mwenyewe, akamwambia muuzaji anataka zile za mzazi. Alipoulizwa mzazi ni nani, akajibu ni binti yake, yule wa vitenge. Kwa akili yake alisema kweli, kwani anayelelewa ni mzazi. Kariakoo haihitaji zaidi ya hapo. Mdogo wangu aliyenishikia duka alipoulizwa akasema tu kwamba napumzika, na huo ukawa ushahidi wa pili. Waliokumbuka kwamba nina miaka arobaini na sita wakajibiwa kwamba Mungu hashindwi. Waliouliza mbona hawakuona tumbo wakakumbushwa madera ninayovaa, ambayo hata mapacha yangewaficha.

Siku ya sita jirani hakutuma sauti. Jioni yake nikasikia hodi. Walikuwa wafanyabiashara saba wa mtaa wetu, wamebeba khanga, sabuni, nepi na beseni la bluu la kuogeshea mtoto. Waliingia wananyata wasije wakamwamsha. Wa mwisho alikuwa mtu wangu wa Mtwara, anachechemea, kigimbi kimefungwa bandeji. Yeye peke yake alijua ukweli, na alinyamaza makusudi, nilimwona usoni.

Mama wa viungo, tunayepakana naye duka, aliuliza mtoto yuko wapi wamshike. Mama yangu akaninyooshea kidole.

"Ndiye huyo," alisema. "Ana siku sita, na anakula vizuri."

Walicheka mpaka watu wa nyumba ya pili wakatoka kuchungulia. Nilicheka nao hadi mapaja yakauma upya. Nilipowarudishia vitu vyao walikataa, wakasema zawadi ya mzazi hairudi, niwawekee wajukuu. Mama yeye alikuwa anautazama mguu wa jirani. Akaagiza beseni la bluu lijazwe maji ya moto. Mwanamume yule mwenye mabega ya kubeba mikeka hamsini akatumbukiza mguu kwenye beseni la mtoto, bakuli la mtori mkononi, akauliza kwa adabu atakaa siku ngapi. Mama akamwambia aanze kuhesabu kesho.

Siku ya kumi na moja, alfajiri, Mama alinitoa nje. Alinishika mkono kwenye zile ngazi tatu ingawa sikuhitaji tena kushikwa, akanifungua khanga tumboni, akasema niende.

Nilianza kwa woga, nikisikiliza goti, nikisikiliza mapaja. Jangwani bado nilikuwa nasikiliza. Nikipanda kuelekea kituo cha Fire nikagundua kwamba hakuna cha kusikiliza: miguu ilikuwa myepesi, mipya, inataka kwenda. Nikaiachia. Kariakoo wabeba mizigo walikuwa wanashusha marobota kwenye malori, na mmoja akaniona.

"Oya, mzazi katoka!"

Mtaa mzima ukadaka. Mzazi katoka, hongera mzazi, mtoto umemwachia nani? Nilinyoosha mikono juu kama nimeshinda kitu, nikakata kona kwa kasi ambayo kocha angenifokea. Mnazi Mmoja sikuiona ilivyopita. Nilifika Feri samaki wa kwanza wakiwa ndiyo kwanza wanamwagwa mezani, nikasimama katikati ya ndoo na makelele, nikalia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Nikampigia Mama. Nikamwambia miguu imerudi, yote miwili. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelipanga: nikishavuka ule mstari, nafunga duka, nakwenda kwake Moshi kumpa siku thelathini zilizobaki kwenye arobaini yangu.

Halafu nikasikia anapenga kamasi.

"Basi rudi polepole," alisema. "Mtori nimeshauinjika."