Hedifoni Zisizo na Utamu

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikataa katakata kwenda kufanyiwa upasuaji wa goita mpaka sauti yake irekodiwe kwanza. Daktari alishamweleza wazi: uvimbe ule wa shingoni unazidi kubana njia ya hewa, inabidi aende Mbeya ukatolewe, na baada ya hapo sauti inaweza kubadilika. Sasa mtu aliyeongoza nyimbo kanisani na misibani tangu usichana wake, ukimwambia maneno hayo unategemea akujibu nini? Tukimgusia safari, anasema anangoja ulezi uvunwe. Ulezi ukavunwa, akasema anangoja ukauke. Mwishowe akatoa sharti hilo la kurekodiwa, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana nyumbani kwa kufungua redio nzima nione kilichomo ndani, kazi ikaniangukia.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kurekodi nilikuwa sijui hata kunaanzia wapi, na kitu nisichokijua huninyima raha mpaka nikijue. Simu nilishaijaribu uani. Ilimeza nusu ya wimbo na kunirudishia upepo, na upepo wa Sumbawanga anayeujua anaujua. Nikaulizauliza, nikaambiwa ninahitaji maiki ya maana, hedifoni, na saundikadi, yaani kiboksi kinachopokea sauti ya maiki na kuiingiza kwenye kompyuta.

Nikaenda kwa kaka mmoja mwenye duka la vyombo vya muziki karibu na soko. Alinipa maiki na kiboksi cha kwanza, na hedifoni za kuazima, nikavijaribu nyumbani. Chumba nilishakichagua: nilipita nyumba nzima nikipiga makofi kama mwehu, sebule ikawa inanijibu, vyumba vya kulala vinanijibu, ila stoo ya mahindi ilinyamaza kimya. Magunia yale yaliyopangwa hadi karibu na dari yalikuwa yanakula mwangwi wote. Nikamkalisha mama mkubwa katikati yake, nikamvisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Akaanza wimbo wa Kifipa wa kumpokea bibi harusi, ule anaoanzisha yeye na wenzake wakamwitikia. Mstari wa kwanza vizuri. Wa pili akapunguza mwendo. Wa tatu akawa anaburuta, kisha akanyamaza kabisa.

"Kuna mtu ananifuata nyuma," alisema. "Namngoja lakini hafiki."

Nikazivaa mimi, nikasema "pa" kwenye maiki. Nikasikia "pa" mbili. Kumbe sauti ilikuwa inaingia kwenye kompyuta, inazunguka huko inakokujua yenyewe, halafu ndiyo inarudi masikioni, imechelewa kidogo tu. Mimi ningeweza kuvumilia. Yeye ni mwanzishaji, amezoea kuwangoja waitikiaji, basi akawa anaingoja sauti yake mwenyewe. Nilicheka mpaka nikaegemea gunia, naye akanitazama bila kucheka.

Nikarudi dukani kubadilisha. Kaka yule akanipa kiboksi kingine chenye kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha upande mmoja, sauti inatoka kwenye maiki moja kwa moja hadi masikioni bila kupitia kompyuta. Kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, moja la mwimbaji na moja langu. Hapo nikawa nimebakiza kununua hedifoni tu.

"Chukua hizi, mwalimu," alisema. "Besi yake inapiga mpaka kifua kinatikisika."

"Besi ya nini? Mimi nataka nisikie hata mtu akimeza mate."

Akaingia nyuma, akatoka na boksi lenye vumbi. Hizo, akasema, kila anayezijaribu anazirudisha, zinasema kila kitu kama kilivyo, hazina utamu. Nikaweka wimbo wa kwaya yetu, nikabadilisha hizi na zile, hizi na zile, mpaka wateja wengine wakaanza kuguna. Kwenye zile za besi tulikuwa kwaya ya watu mia. Kwenye hizi zisizo na utamu nilimsikia mtu wa sauti ya pili akikosea, na mtu huyo alikuwa mimi. Nikachukua zote mbili, zenye utamu nimvalishe mama mkubwa, nyingine zangu.

Jumamosi asubuhi tukaingia stoo. Safari hii hakumngoja mtu. Aliimba wimbo mzima akiwa amefumba macho, mkono unapiga gunia taratibu. Lakini masikioni mwangu nilianza kusikia kitu. Kila alipovuta pumzi kulikuwa na filimbi nyembamba, na pale wimbo unapopanda, sauti ilipasuka kidogo, akaikwepa kwa kushuka. Nikavua zangu, nikaazima upande mmoja wa zake. Humo hakukuwa na filimbi wala nini, besi ilikuwa imefunika kila kitu. Nikamrudishia. Niliogopa. Daktari alisema sauti inaweza kubadilika baada ya upasuaji, kumbe haikungoja upasuaji.

Alipomaliza akataka kusikiliza. Nikamwachia zile zile alizovaa.

"Mbona hizi? Nipe hizo zako."

"Hizi hazina utamu, mama."

"Mimi sijaomba utamu. Nipe, mwanangu."

Nikampa. Nikaurudisha wimbo mwanzo, nikakaa nikitazama mikono yake. Mkono ulipiga gunia mistari miwili, kisha ukatulia. Alisikiliza hadi mwisho, akazivua polepole, akaziweka mapajani.

"Hiyo filimbi umeisikia?"

"Nimeisikia, mama."

"Umeanza kuisikia lini?"

"Leo."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilitegemea alie, au anilaumu kwa kumnunulia kitu cha kumkatisha tamaa.

"Mimi tangu Pasaka," alisema. "Nilidhani naisikia peke yangu."

Akanirudishia hedifoni, akaniambia nikamkatie tiketi ya Mbeya.