Simu ya Golikipa

Kwetu Butembo timu haiendi kwenye mechi kubwa bila kufungiwa kwanza. Tunaita internat. Siku mbili kabla ya mechi wachezaji wanakusanywa kwenye parcelle, yaani nyumba na ua, ya shabiki anayeaminika, wanakula hapo, wanalala hapo, na simu zao zinachukuliwa. Tunaamini kwamba wapinzani hawana mlango mwingine wa kumfikia mchezaji: watampigia, watamwahidi kitu, na Jumapili mpira utampita katikati ya miguu. Sijui nani alianzisha sheria hiyo. Ninachojua ni kwamba mwaka ule parcelle ilikuwa yangu, na simu zilikaa chumbani kwangu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nilijivuna nayo ile ndoo, mjinga mimi.

Ilikuwa mechi ya barrage, mchujo wa duru mbili, ya kwanza kwetu na ya pili Beni, na mshindi anapanda daraja. Kwetu tulitoka sare, bao moja kwa moja. Bao tulilofungwa lilikuwa la aibu. Golikipa wetu wa kwanza, askari aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine, alitoka langoni kufuata mpira usiokuwa wake, ukamruka kichwa na kuingia taratibu, kila mtu akiutazama. Halafu sauti moja ikasema alikula pesa, na kabla hatujafika barabarani tulikuwa tunasema hivyo sote.

Wiki ile duka langu la vipuri vya pikipiki liligeuka bunge. Watu waliingia asubuhi wakijifanya wanatafuta mnyororo, wakatoka saa sita na kasiksi tumboni, ile pombe yetu ya ndizi, bila kununua hata buji moja ya injini. Swali lilikuwa moja tu: kule Beni adake nani? Askari, au golikipa wetu wa pili, mtu wa Kipese, kijiji cha huko milimani, muuza viazi mwenye miaka thelathini na minne na goti bovu, ambaye alikuwa amekaa benchi msimu mzima bila kulalamika?

Aliyemtetea askari alikuwa mwalimu wa hesabu, naye mgeni, mtu wa Kasai, ameajiriwa na serikali. Alikuja na daftari.

"Ba-penalty ine alikamata mwaka huu," alisema, vidole vinne juu. "Ine! Ule wa Kipese alikamata ngapi? Zéro. Donc, mambo iko wazi."

"Na lile bao la juzi?" nikamuuliza. "Mutu anatoka kwa goli juu ya nini? Alikuwa anaenda sokoni?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Grand, kukosa ni kukosa. Hata we unakosaka."

"Mimi sikose mbele ya batu elfu. Mwalimu, we si mutu wa hapa. Hauwezi kusikia vile tunasikia. Ule wa Kipese ni mutoto wetu, hawezi kutuuzisha."

Akafunga daftari lake. Alikuwa amefundisha watoto wetu miaka kumi na moja, wawili wakiwa wangu, na mimi nikamwambia si mtu wa hapa. Nakumbuka nilivyofurahi kuona akilifunga. Kocha, ambaye aliogopa mawe kuliko kufungwa, alituachia kamati ya mashabiki tuamue, na kamati ilikuwa mimi na watu wanaonisikiliza. Nikaapa mbele yao wote kwamba mtu wa Kipese akikosa wanicheke mimi, si yeye.

Jumamosi saa sita hivi, wachezaji wakiwa wamejinyoosha uani baada ya kula, simu ikaanza kuita ndani ya ndoo. Sheria ilikuwa kutojibu. Ikaita mara tano, ikanyamaza, ikaita tena. Nikafungua mfuniko. Ilikuwa simu ya mtu wa Kipese, na kwenye kioo kulikuwa na neno moja: dada. Nikajibu ili nimwambie aache.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mwenye nyumba. Bachezaji ba internat hawasemi na mutu."

"Papa, nakuomba. Mama amezidiwa. Infirmier wa hospitali amesema hapana dawa tena, labda leo, labda kesho. Anamuita ye tu. Umuambie akuje sasa."

"Nitamuambia," nikasema.

Na nilisimama kwenda kumwambia, hilo nalisema kwa haki. Nilifika mlangoni. Alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akifua glavu zake kwa sabuni, polepole, kidole kwa kidole, akipiga mluzi; aliniona, akatabasamu, akaendelea. Msimu mzima hakuna aliyekuwa amemwona na furaha ile. Kwa pikipiki angefika Kipese kabla ya jua kuzama. Na Jumapili langoni angesimama askari, na mwalimu angekuja dukani na daftari lake. Niliwaza hilo. Ningependa kusema niliwaza timu, au mji wetu ambao umezika watu wengi mno na ulihitaji jambo moja la kushangilia. Hapana. Nilimwaza mwalimu na daftari. Nikarudi ndani, nikajiambia mama za watu wanazidiwa na kupona kila siku.

Saa nane ikaita tena. Ningeweza kuiacha. Nikajibu kwa sauti ya chini.

"Ni we?" dada yake akasema, akilia, na hakungoja. "Subiri, nakupatia mama."

Nikasikia nguo zikisugua simu, kisha pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Mama akasema kwa Kinande, lugha yetu sote, je, ni wewe? Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Akauliza kama nipo njiani. Nikasema nipo njiani. Akaniambia nivae sweta, huko juu kuna baridi sana mwezi huu, nisije na shati tu kama kawaida yangu. Nikasema nimelivaa. Akasema vizuri. Nikakata, nikaizima simu ile kabisa, nikairudisha ndani ya ndoo na kukaa kitandani nikiwa nimeshika mfuniko.

Jumapili basi letu liliondoka asubuhi. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi, kila mahali tunashuka, tunaonyesha vitambulisho, tunapanda, na vijana wanaanza wimbo upya. Mtu wa Kipese alikaa mbele yangu. Aligeuka mara moja akanishukuru kwa kumwamini, akasema tangu baba yake afe hakuna mwanaume aliyewahi kumsimamia mbele ya watu. Nikamwambia atazame mbele, asije akatapika.

Alidaka vizuri, hilo ndilo linaloniumiza. Pale Beni, mashabiki wao wakimzomea nyuma ya nyavu, aliruka kama mtu asiye na goti bovu. Dakika tisini zikaisha bao moja kwa moja, sawasawa na kwetu, ikabaki penalti. Askari alikuwa ameshavua koti, anaruka ruka kando ya benchi. Mwalimu, ambaye alilipa nauli yake kuja kushangilia timu isiyokuwa ya kwao, alipiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Badilisha! Kocha, badilisha!" Kocha hakumtazama. Alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

Walipiga tano, zikaingia tano. Kila mara aliruka upande usio wake. Sisi tulikosa moja, ikatosha.

Watu walikaa chini kwenye vumbi. Wanaume wenye wake na watoto walilia bila kujificha. Mimi nilikwenda kwenye basi kugawa simu, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Nilipompa mtu wa Kipese yake, akaiwasha, ikaanza kutetemeka kwa ujumbe uliochelewa, mmoja, wa pili, wa tatu. Akasoma. Akaketi kwenye ngazi ya basi, soksi zikiwa zimeshuka, akasema, "Mama yangu alikufa leo asubuhi."

Kisha akanitazama. "Simu ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa imezimwa," nikasema. "Zote zilizimwa."

Akaitika kwa kichwa. Aliamini. Alinishika hata bega, akasema si kosa la mtu, sheria ni sheria.

Jumatatu nilimsindikiza. Nilitafuta pikipiki mbili, nikajiambia ndilo jambo dogo ninaloweza kufanya, lakini ukweli niliogopa aende peke yake na kusikia bila mimi kuwepo. Njiani nilijipanga mara kumi kumwambia. Tulisimama mara mbili kunyoosha miguu, akanigawia mkate wake, nikaula.

Tulifika mchana. Watu walikuwa wamejaa kwenye mteremko mbele ya nyumba, wanawake ndani na mwili, wanaume nje, na kaburi lilikuwa linachimbwa kando ya shamba la viazi. Dada yake akatoka mbio, akamwangukia kifuani. Alimpiga ngumi mbili tatu begani, kwa hasira kabisa.

"Juu ya nini haukukuja juzi, siku ya posho? Nilikupigia, yule papa akasema atakuambia! Mupira! Juu ya mupira!" Halafu nguvu zikamwishia, akaegemea pale pale. "Mais Mungu ni mukubwa. Hata vile, saa nane ulisema naye. Ulimuambia uko njiani. Kisha pale hakulia tena. Alilala akisema, mutoto wangu amevaa sweta, anakuja. Kama hakusikia sauti yako, sijui angelikufa namna gani."

Nilikuwa nyuma yao, hatua tatu. Niliona mgongo wa kaka yake ukikakamaa. Aligeuza kichwa taratibu, akaniangalia, na nikaona anapanga kila kitu: ndoo, mlango, sabuni, saa nane, bega langu aliloshika kule Beni. Sikuweza kuinamisha macho. Nilingoja anitaje. Pale kulikuwa na wajomba zake wenye majembe mikononi, na nadhani nilitamani anitaje.

Akamgeukia dada yake, akampangusa uso kwa kiganja.

"Ndiyo," akamwambia. "Nilisema naye."