Nilisema Nataka Kurudi Nyumbani

Waliponiita jina mara ya tatu nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mahindi, mchanga mdomoni, vidole nimevitia masikioni ili nisimsikie mtoto. Nilimsikia hivyo hivyo.

Basi lilikuwa limeshawashwa pale uwanja wa mpira wa makazi yetu ya wakimbizi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mpanda mjini kwa miguu. Lilikuwa la kuwapeleka Burundi wale waliochagua kurudi. Dereva alipiga honi. Spika iliita. Na mwanangu alilia upande wa pili wa kamba, upande wa wanaobaki, kwenye mikono ya shangazi yake.

Dakika chache nyuma alikuwa mgongoni kwangu. Nilifika mlango wa basi, yule mtu wa orodha akaniuliza jina, akaweka tiki. Halafu akachungulia mgongoni.

"Huyu hayumo."

"Hayumo wapi? Huyu wangu, bado ananyonya."

"Ameandikwa kwa baba yake, mama. Baba anabaki. Mpe."

Nikaifungua kanga. Watu wanasema mtu husahau, mimi sijasahau hata fundo lilikuwa upande gani. Wifi yangu akampokea, mimi nikasukumwa ndani, nikakaa dirishani. Mwanamke wa kiti cha pembeni alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, amefurahi kweli, anarudi kwao. Nikamwambia, "Nishikie nafasi, naenda kujisaidia." Nikashuka, nikapita nyuma ya choo, nikaingia kwenye shamba la mtu.

Basi lilisubiri, likachoka, likaondoka. Yule wa orodha alijua sikuwemo, maana ndiye aliyekuwa anaita kwenye spika. Lakini tiki ilikuwa imeshakaa. Angeifuta angeulizwa maswali, na yeye alitaka kwenda kula. Akaiacha. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi niliondoka siku ile. Niko Burundi mpaka leo, nchi ambayo mguu wangu haujawahi kuikanyaga.

Ngoja nirudi nyuma, msije mkadhani nilikuwa sijui nilichokuwa nachagua.

Mama yangu alivuka kuja huku akiwa na mimba yangu. Nilizaliwa kwenye makazi, wakati watu bado wanakata miti wapate pa kupanda mihogo. Nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akasema inatosha, kuna tumbaku ya kufunga. Nikaolewa hapo hapo, nikazaa hapo hapo, mama nikamzika hapo hapo. Burundi nilikuwa naisikia kwa wazee tu, jinsi ndizi zake zilivyo tamu. Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tunacheka: "Kama ni tamu hivyo, mbona mlikimbia?"

Halafu ikatangazwa kwamba kila mtu achague njia. Ama urudi Burundi, ama uombe uraia wa Tanzania. Mimi na mume wangu hatukubishana hata siku moja. Niko napepeta maharage, yeye ananoa jembe, akasema, "Tunabaki." Nikasema, "Twende wapi?" Yakaisha. Kama kuna uamuzi mwepesi niliowahi kufanya maishani, ni huo.

Siku ya fomu tuliitwa kijiji kizima. Kila mtu mzima aliulizwa peke yake, mume asimjibie mke. Kanuni nzuri, nami niliifurahia. Nilisema leo nitajibu mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimemwacha mtoto kwa mama mkwe, nikidhani ni kazi ya muda mfupi. Mume aliitwa mapema, akamaliza, akaenda zake. Mimi nilisimama kwenye foleni kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, maziwa yakaanza kuvuja, blauzi yote ikalowa mbele ya watu. Nilijifunika kanga, nikawa naona aibu na maumivu pamoja.

Kufika mezani, nilimkuta karani, kijana aliyeletwa kutoka mbali, mwenye kalamu ya kijani. Wenzake wote walikuwa na kalamu ya bluu, yeye ya kijani. Hakuniangalia. Pembeni yake alikaa mwenyekiti wetu wa kijiji, ndiye shahidi, anayetujua wote kwa majina na kwa mashamba.

Karani akauliza, "Mama, unataka nini?"

Hivyo tu. Hakusema unataka uraia au unataka kwenda Burundi. Alikuwa ameuliza watu mia, maneno yamemwishia, amebaki na hayo.

Nikasema, "Nataka kurudi nyumbani, mwanangu, maziwa yananiuma, mtoto..."

Kalamu ilikuwa imeshaandika. Iliandika kabla sijafika kwenye maziwa.

Ambaye si wa kwetu hawezi kuelewa. Kwa Kirundi, mtu akimaliza kulima, jua limeshuka, anasema anataha, yaani anakwenda kwake. Na yule anayeirudia nchi aliyoikimbia, neno lake linatoka kwenye mzizi huo huo. Nasi tulipokisema Kiswahili tulilibeba hilo neno moja kwa kazi zote mbili. Ukitoka kisimani unarudi nyumbani, ukitoka kanisani unarudi nyumbani, na anayehamia Burundi naye anarudi nyumbani. Mimi nyumbani kwangu kulikuwa na paa la nyasi, hatua kama mia nne kutoka ile meza. Ungesimama ungeuona moshi wa jiko la mama mkwe.

"Dole gumba hapa," akasema. Nikaweka. Nikaenda mbio kumnyonyesha mwanangu, nimefurahi kwamba nimejibu mwenyewe.

Orodha zilipobandikwa ukutani nilisoma taratibu kwa kidole, herufi moja moja. Jina la mume nililiona, na la mtoto chini yake. Langu halikuwepo. Jirani aliyesoma kunizidi akaniita kwenye karatasi nyingine: "Wewe uko huku, kwa wanaoondoka. Hukutuambia kama unaondoka!"

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku ile ile. Nikamwambia, "Ulikuwepo, ulinisikia, uliniona blauzi ilivyolowa." Akajibu, "Nyie wanawake mnaongea sana. Ungesema neno moja, uraia, ingetosha." Akaniambia niandike barua ya kukata rufaa, ipitie kwake. Mwalimu wa shule alinisaidia kuiandika. Nilisubiri majibu masika mazima. Kuna siku nilikwenda kwa mke wa mwenyekiti kuazima ungo, nikaiona barua yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imeziba ufa wa dirisha upepo usiingie. Siku ya basi ilipofika sikuwa na pa kulalamika tena, nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda, nikidhani anayenyonya hatenganishwi na mama.

Mume wangu naye simwondoi lawamani. Yeye angeweza kusimama siku ya basi akasema, huyu ni mke wangu, kuna makosa. Alisimama kimya na wanaobaki. Nilipotoka kwenye mahindi jioni, nimechafuka, aliniambia, "Wewe ndiye uliyejibu. Mimi niliulizwa, nikasema uraia." Kama vile tulikuwa kwenye mtihani, yeye kapata, mimi nimekosa. Alipopewa cheti chake cha uraia hakumaliza mwaka, akahamia Sibwesa na mwanamke mwingine, mwenye karatasi. Aliniachia mtoto. Hapo namshukuru, ni kitu pekee alichonipa kikiwa sahihi.

Tangu hapo ninaishi. Nalima, nakula, nasali. Jirani yangu wa sasa ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini, nikiwa nimeshazeeka hapa, na yeye hakuna anayemuuliza katoka wapi. Kila asubuhi ananitania kwenye mpaka wa shamba, ananiita mama kwa Kisukuma: "Mayu, karibu kutoka Burundi! Safari ilikuwaje?" Namjibu, "Basi bovu, baba." Tunacheka. Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo nikipiga simu huko kwa watu, mimi ni mwanaume wa Kisukuma mwenye ng'ombe.

Lakini kutoka nje ya kijiji siwezi. Mara moja tu nilijaribu, na gunia la maharage, nikashushwa kwenye gari Sitalike. Waliniuliza karatasi, sina. Wakasikiliza nilivyosema, r yangu na l yangu zinavyopishana, wakatazamana. Nilikaa kwenye benchi siku mbili mpaka mchungaji wetu alipokuja kuapa kwamba ananijua. Tangu siku hiyo, gari nikiliona naliangalia likipita tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kamba hiyo nilizoea. Mpaka mwaka huu.

Yule mtoto wa mgongoni amekuwa mwanamke. Ameolewa Mwese, huko milimani, na amejifungua mtoto wa kwanza. Kwetu, binti akijifungua, mama yake ndiye anayekwenda. Unabeba unga wa uji, unabeba maharage, unamkanda maji ya moto, unamfundisha kumshika mtoto. Hakuna anayetumwa badala yako. Nilitwanga unga, nikaufunga, uko kwenye kona. Binti akapiga simu: "Mama, utakuja lini? Huku wananiuliza kama nina mama."

Nikasema sitakwenda tena kwa kujificha. Nitakwenda na karatasi, nisimame mbele ya wakwe wa binti yangu kama mtu. Bodaboda wa hapa kijijini akanipeleka Mpanda kwa njia za mashambani, kwenye ofisi moja ambayo nimeambiwa wanashughulika na mambo haya. Mezani kulikuwa na dada mdogo, mpole, ameniamkia shikamoo vizuri kabisa. Akabonyeza kompyuta yake, akasoma.

"Mama, hapa inaonyesha ulisharudi kwenu."

"Nimekaa mbele yako."

"Nakuona, mama. Lakini mfumo unasema ulirudi."

Akanionea huruma, akanigeuzia kiti, akanieleza kwamba kuna njia tatu, nichague mwenyewe.

Ya kwanza, niombe uraia kama mke wa raia. "Mume aje asaini." Nikamwambia mume ana mke mwingine Sibwesa, na aliyeniona siku ya basi akanyamaza hatafungua mdomo leo. Akasema basi tuache hiyo.

Ya pili, kibali cha kuishi nchini kama mgeni. "Hiyo haina shida, mama, lete pasipoti yako."

"Pasipoti ya wapi?"

"Ya kwenu. Kule ulikorudi."

"Dada, sikurudi."

Akacheka kidogo, akaziba mdomo. "Samahani, mama. Basi iko ya tatu. Uende kule, ujiandikishe, uchukue pasipoti, halafu uingie upya kwa mlango, kihalali."

"Nikifika mpakani wataniuliza niliingiaje huku."

"Utawaambia ukweli."

"Ukweli kwamba nilizaliwa huku?"

Nikamuuliza, huko nitajiandikisha kwa nani? Kilima cha baba yangu, maana kule kijiji ndicho kilima, nakijua jina tu. Hakuna mtu hata mmoja wa kusema namfahamu huyu. Nitakuwa mkimbizi wa Tanzania kule Burundi! Na nikishatoka, nani ananihakikishia mlango utafunguka? Njia ya tatu ni lile lile basi. Nililikimbia nikiwa na nguvu, leo naambiwa nilipande mwenyewe, tena bila kusukumwa.

"Hakuna ya nne?" nikauliza. "Ya mtu aliyekosewa?"

Akasema ipo, ila aliyejaza fomu au aliyeshuhudia lazima athibitishe kwa maandishi kwamba palikuwa na kosa.

Basi nimewatafuta. Yule wa orodha hajulikani alipo. Mwenyekiti yupo, amezeeka, ana shamba la alizeti na uraia wake. Nilimkuta barazani, nikapiga goti kabisa. Akasema, "Mambo ya zamani hayo, mama. Mimi sikumbuki blauzi ya mtu." Anakumbuka mpaka wa kila shamba hapa, jiwe kwa jiwe.

Na karani wa kalamu ya kijani, nimesikia amepanda cheo, yuko mji mkubwa. Karani, wewe ndiye ninayekuandikia. Sijui jina lako, wewe langu uliliandika. Mjukuu wangu wa Mwese ameshaanza kukaa, sijamshika. Unga nilioutwanga umeingia wadudu, nimeumwaga, nimetwanga mwingine.

Sitaki uniombe msamaha wala unipe zawadi. Nataka uje, na mwenyekiti umkalishe pembeni yako kama siku ile. Weka meza pale pale uwanjani, moshi wa jiko langu bado unaonekana. Niulize tena, "Mama, unataka nini?" Halafu uiweke kalamu chini mpaka nimalize kusema.